Neno Sahihi la Kukwama Skerrow

Baraza la kisiwa cha Skerrow, kaskazini mwa Uingereza, lilitangaza kwa fahari kubwa kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu atakayeruhusiwa kushindwa kusogea bila kutumia neno sahihi.

Tangazo lilitungwa na Mwenyekiti, Bwana Cuthbert Selby, afisa elimu mstaafu. Alilisoma amesimama wima, ingawa waliomsikiliza ni wajumbe wenzake wanne tu.

Barabara yetu ya kwenda bara inapita juu ya mchanga, na bahari huifunika mara mbili kwa siku. Sisi wenyeji tunajua saa zake. Wageni hawazijui, basi haipiti wiki bila gari kulala majini. Marjorie Fenwick, mjumbe wa baraza na nahodha wa boti ya uokoaji, alikuwa amechoka kuvua watu, na mgongo wake ulishaanza kumsumbua. Aliomba geti la kufunga barabara maji yanapojaa. Wajumbe wawili walikubali, wawili wakakataa. Kura ya tano ilikuwa ya Mwenyekiti, naye alisema hapana.

"Tatizo si maji, Bi Fenwick," alieleza kwa upole. "Tatizo ni msamiati."

Akafafanua. Kiingereza chetu kimejaliwa maneno. Aliye "stuck" amekwama: gari limegoma, yeye anaweza kushuka akaenda zake. Huyo apelekewe trekta. Aliye "trapped" amenaswa: kuna kitu kimembana na hawezi kujitoa. Huyo ndiye wa boti. Aliye "stranded" ameachwa: hajabanwa popote, ila hana cha kumtoa alipo. Huyo apewe pole, asubiri maji yapwe. Na boti isitoke kabla neno halijathibitishwa.

"Na anayezama?" Marjorie aliuliza.

"Kuzama ni kusogea, Bi Fenwick. Kwenda chini. Hilo ni la kamati nyingine."

Hakuna aliyecheka. Sisi hatucheki kwenye vikao, tunakohoa.

Siku ya kuzindua kibao chenye maneno hayo, Cuthbert alivuka kwenda bara kukichukua. Akakuta fundi amesahau alama moja ya mkato. Alibishana naye kistaarabu, yaani kwa muda mrefu sana, mpaka mkato ukapakwa rangi. Alipotoka, maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Alijiambia kwamba ratiba ya maji iliandikwa kwa ajili ya wageni, akatia gari moto.

Katikati ya njia injini ikazima. Maji yakaingia kwa milango, bila haraka. Cuthbert akatoka kwa shida, akapanda juu ya paa na kibao chake kwapani. Aliogopa, na aliona aibu kuliko alivyoogopa. Akapiga simu.

"Samahani kukusumbua wakati wa chai, Bi Fenwick."

"Wala usijali, Mwenyekiti. Neno?"

Boti ilikuja ikasimama hatua chache kutoka kwenye gari, ikinguruma taratibu. Wajumbe wote wanne walikuwemo, maana Skerrow watu ni wale wale.

"Boti haijatoka rasmi," Marjorie alisema. "Tunaifanyia majaribio. Haya, tukusikie."

"Nimekwama."

"Hiyo ni trekta. Trekta haiogelei."

"Basi nimenaswa."

"Umenaswa na nini? Mlango uko wazi, nauona."

"Nimeachwa."

"Hapo sawa. Subiri maji yapwe. Pole sana."

Wimbi likapita juu ya viatu vyake. Cuthbert akatazama bara, akatazama kisiwa, akaona vyote viko mbali.

"Marjorie," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo. "Nilikosea. Nisaidie, tafadhali."

"Hilo halimo kwenye waraka." Marjorie akawageukia wenzake. "Wajumbe wanne tumo humu, wa tano yuko pale juu. Akidi imetimia. Hoja ni moja, geti. Wanaokubali wanyooshe mkono."

Botini ilinyooshwa mikono miwili. Wawili wengine walibaki na msimamo wao, kwa kuwa Mwingereza habadilishi kura kwa sababu ya maji tu. Cuthbert akaachia kibao kikaelea zake, akanyoosha mikono yote miwili juu kabisa.

"Mmoja unatosha, Mwenyekiti," Marjorie alisema. "Kwa huo mwingine shikilia paa. Bado hatujathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita."