Malalamiko ya Mkaguzi wa Mizani Kuhusu Vidonge vya Wagonjwa Arobaini

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kutathmini Tiba Mpya,
Ghorofa ya tatu, mlango usio na kitasa.

Mheshimiwa,

KUHUSU: KUKATALIWA KWA DAWA ILIYOFANYA KAZI MBELE YA MACHO YANGU

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako, na kwamba lifti yenu imeshatengenezwa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa vidole vya mke wangu, ambavyo ndivyo vilivyonikalisha kitako kuandika.

Mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimezunguka masokoni nikikagua mawe ya mizani ya wauza mchele na kuwanyang'anya wale waliotoboa mawe yao kwa chini. Sina ugonjwa wowote ila hasira. Mke wangu ni fundi cherehani, na baridi yabisi imemkaa vidoleni mwaka wa sita sasa. Ni mmoja wa wagonjwa arobaini waliokubali kujaribiwa dawa mpya katika zahanati yetu. Mimi, kwa kuwa najua kuandika barua na simwogopi mtu, walinichagua niwe Mwakilishi wao.

Jaribio lenyewe mnalijua, lakini nalieleza msije mkasema sikulielewa. Wagonjwa ishirini walipangiwa chupa za dawa yenyewe. Ishirini wakapangiwa chupa za vidonge vya unga mtupu, vinavyofanana na dawa kama mayai ya kuku mmoja. Kila chupa ina namba, na hakuna aliyejua yake ni ya aina gani, hata muuguzi. Mwisho wa jaribio mngelinganisha makundi mawili mwone nani kapata nafuu. Mwezi wa pili tu, janga likaingia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upendeleo katika kasi. Janga lilipoingia, kamati yako iliacha mafaili yote ikashika la janga peke yake. Ile dawa ya kunusa mliipitisha kwa siku tisa. Siku ya kumi na moja mkaiondoa, wakati mimi nimeshapanga foleni nikainunua na kuinusa. Dawa yetu ina mwaka wa nne mezani. Kwa wagonjwa wa janga mlisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu mkasema haraka haraka haina baraka. Naomba kujua methali hizo hugawiwa na ofisi gani, na sisi tupange foleni huko. Hatukudai siku tisa. Tungetosheka na miezi tisa, maana hata mtu mzima mwenye masikio na kucha hupatikana kwa muda huo. Kama kinachotakiwa ni kutisha, baridi yabisi nayo itangazwe kuwa janga. Wagonjwa wangu wako tayari kukohoa.

2. Kunyang'anywa chumba. Chumba chetu cha vipimo kiligeuzwa wodi, muuguzi wetu akavikwa nguo za plastiki toka kichwani hadi miguuni, tukawa tunamtambua kwa kikohozi chake cha kawaida. Zamani kila mwezi aliwakunja wagonjwa vidole kimoja kimoja na kuvihesabu vidonge vilivyobaki. Baada ya janga alipiga simu tu na kuuliza, kutoka moja hadi kumi, maumivu ni ngapi. Mke wangu alimjibu kwamba maumivu si mbuzi, hayahesabiki. Ikaandikwa tano. Mgonjwa mmoja, fundi wa kupaka rangi tunayemwita Ngazi ingawa alikuwa na miaka miwili hajapanda hata kiti, alipigiwa simu akiwa juu kabisa ya ukuta wa shule, brashi mkononi, akasema maumivu ni mawili na tafadhali asisumbuliwe. Hiyo haikuandikwa popote, kwa sababu karatasi yenu haina mahali pa kuandika mgonjwa alikuwa wapi.

Na vidonge je? Zahanati ilipofungwa kwa wasio wagonjwa wa janga, muuguzi alinipitishia dirishani katoni nzima yenye chupa arobaini, za miezi kumi, akaniomba nizigawe nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo niliifanya kwa uadilifu ambao unyenyekevu unanizuia kuusimulia hapa.

3. Uamuzi wenyewe. Barua yenu inasema, nanukuu, "hakuna tofauti yoyote iliyoonekana kati ya kundi la kwanza na kundi la pili", kwa hiyo dawa haifai, faili limefungwa. Mheshimiwa! Watu arobaini wamepata nafuu! Si wote kucheza ngoma, lakini nafuu. Mke wangu alianza kushona tena sare za shule, suruali kumi na mbili kwa wiki. Nyinyi mnasema waliokula unga wamepata nafuu sawasawa na waliokula dawa. Basi ama dawa yenu ni unga, ama unga wenu ni dawa, na kama ni hili la pili naomba jina la kinu. Nimejaribu unga wa dukani. Nimemkorogea mke wangu kijiko kimoja kutwa mara tatu kwa wiki tatu, na vidole viko vile vile. Ameniambia nikimletea kijiko kingine atanimwagia.

4. (Hili nimelifuta. Lilikuwa zuri, lakini lilikuwa la kujisifu. Tuendelee.)

5. Harufu ya uchakachuaji. Hapa nasema kama mtaalamu. Katika miaka yangu yote ya kazi, mizani iliyopinda haikunitisha kamwe. Mizani hupinda, ni chuma. Iliyonitisha ni ile inayolala sawa kupita kiasi. Watu arobaini, wazee kwa vijana, wanene kwa wembamba, ishirini kwa ishirini, na tofauti iwe sifuri? Mizani ikilala hivyo, mkaguzi mwenye akili timamu haulizi bei ya mchele. Anauliza: nani kaishika? Nawaambia bila kumung'unya maneno, kuna mkono wa mtu hapo. Mtu huyo atafutwe. Akipatikana aletwe mbele ya wagonjwa wote arobaini, avuliwe cheo, na kama ni mstaafu anyang'anywe pensheni. Msimwonee haya hata akiwa mtu mzima mwenye mvi.

6. Vidole. Hili ni fupi. Chupa ziliisha wiki saba zilizopita, na faili likiwa limefungwa hakuna nyingine. Cherehani imefunikwa shuka. Juu ya meza kuna sare zilizokatwa ambazo hazijashonwa, na wazazi wanakuja kuziulizia. Jana mke wangu alishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto, akageukia ukutani ili nisione. Niliona. Nimeishi naye miaka ishirini na tisa na sijawahi kuona mwanamke anayependa kazi yake kiasi kile. Inaniuma, Mheshimiwa, na sina kipimo cha kuipima.

Kwa hiyo naomba faili lifunguliwe, dawa ipitishwe, na mkosaji wa namba tano akamatwe, vyote katika muda usiozidi siku tisa, maana tumeshaona mnaweza.

Nisalimie wajumbe wote, na katibu wako anayesaini kwa niaba ya watu wasiojulikana. Nisalimie pia mlinzi wa getini, aliyenipa kiti nilipokuja mara ya kwanza, ya pili na ya tano. Mpe pole muuguzi wetu mkipita zahanati. Yeye hana kosa, alibeba kazi ya watu sita peke yake.

Ni mimi, nisiyepunja wala kupunjwa,

Mkaguzi wa Mizani (Mstaafu)
Mwakilishi wa Wagonjwa Arobaini

Tanbihi: Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Mke wangu ameifungua kwa meno, akasoma yote, kisha akaniuliza namba nne ilisemaje. Nimemwambia. Amesema niiandike yote au nitafute pa kula.

Namba nne ilisema kwamba kuwapa watu ishirini dawa na wenzao ishirini unga ni dhuluma ya wazi, na kwamba dhuluma hiyo nilishaisahihisha mwenyewe. Siku ile ya katoni, nilipofika nyumbani nilimimina chupa zote arobaini kwenye beseni jipya, nikachanganya kwa mikono iliyonawa, nikapima kwa mizani yangu, nikazijaza upya sawasawa, gramu kwa gramu. Hakuna aliyepunjwa hata kidonge. Mke wangu aliniona, lakini alidhani nimeagizwa na zahanati.

Leo amechukua vifungo vyeusi na vyeupe, akavichanganya kwenye bakuli, akavigawa mafungu mawili, akaniambia haya, mkaguzi, niambie vyeusi viko fungu gani. Nimevihesabu fungu kwa fungu: vyeusi viko kote kote.

Basi, kuhusu namba tano: aliyeishika mizani ni mimi. Mlichopima mlikipima sawa; mlipima beseni langu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nimeingia na watu thelathini na tisa wasio na hatia, pamoja na mke wangu. Nisameheni. Suala la pensheni naomba mlifikirie tena.

Dawa msiipitishe. Mke wangu anaomba jaribio lianze upya, tangu chupa ya kwanza. Nimemkumbusha kwamba safari hii anaweza kuangukia chupa ya unga mtupu, akakaa mwaka mzima bila kushona hata kifungo. Amesema anajua, ndiyo maana ya kujaribu. Tangu asubuhi amepita nyumba kwa nyumba kuwauliza wenzake, na wote wamekubali, hata Ngazi, aliyejibu akiwa amekaa chini. Sharti lao ni moja: katoni isipitie kwangu.

Jibu andikeni kwa fundi cherehani, si kwa Mwakilishi. Cheo hicho wamenivua mchana huu. Kazi niliyobakiziwa ni kumtungia uzi kwenye sindano ili ajaribu angalau pindo moja kwa siku, na leo umepita tunduni nilipojaribu mara ya saba.