Askofu Hali Chakula

Jumatano, 15 Januari 2025

Buffalo, mtaa wa Riverside. Theluji imefika dirishani.

Mke wangu Florida alikwenda Columbus kwa binti yetu Goreth aliyejifungua. Alisema mwezi mmoja. Huu ni wa nne. Aliniachia samaki wake, betta wa zambarau mwenye mapezi marefu kama joho, ndiyo maana tunamwita Askofu. Aliniachia pia karatasi kwenye mlango wa friji: punje tatu asubuhi, hita isizimwe, maji yabadilishwe robo tu, asiwekwe na mwenzake maana watauana.

Kuhusu mimi karatasi haisemi kitu.

Leo nimepata akili. Nimempigia Florida, nikamwambia Askofu hali chakula, anamuwaza yeye. Uongo. Alikuwa amemeza punje zake zote na bado ananitolea macho. Florida akauliza joto la maji. Nikasema sabini na nane za Farenhaiti. Akasema basi atakula tu. Joto la nyumba hakuuliza.

Ijumaa, 17 Januari

Anataka picha. Nimepiga kumi na moja, zote anapendeza. Nikimsogezea simu anajiona kwenye kioo, anadhani ni adui, anatanua mashavu na mapezi tayari kwa vita. Samaki wa hivyo hawezi kumrudisha mke wa mtu.

Tena Florida anasema atamwomba Olivier aje amtazame. Olivier ni Mkongo wa kanisani kwetu, anakaa Kenmore. Ana betta watatu, kila mmoja na tangi lake, na wote wanajenga viota vya mapovu. Florida alishasema mbele ya watu kwamba Olivier ana mkono wa samaki. Mimi nimeishi na Florida miaka thelathini na moja, sijaambiwa nina mkono wa chochote.

Nimemwandikia Olivier kwamba barabara ya kwetu haipitiki.

Jumamosi, 18 Januari

Nimechomoa hita. Kwa saa mbili tu, apoe kidogo, atulie chini, nipige picha. Nilimwomba msamaha kwanza. Akatua kwenye changarawe, mapezi yamefunga, rangi imefifia. Nikapiga, nikatuma.

Florida akapiga simu analia. Akasema Jumanne atapanda basi.

Nimefagia nyumba nzima. Nimebadilisha shuka. Nimeimba mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikakimbilia shifti ya usiku.

Jumapili, 19 Januari

Sikuirudisha plagi.

Niliporudi asubuhi Askofu alikuwa amelala ubavu. Alikuwa akipanda juu kuvuta hewa kwa taabu, halafu anashuka kama jani. Nikammiminia maji ya moto ya birika. Karatasi inasema joto lipandishwe polepole. Hilo nililisoma baadaye.

Olivier akaja moja kwa moja kutoka kanisani. Barabara ilikuwa inapitika vizuri. Akatumbukiza kidole. "Bon, mzee," akasema, "hii mayi ilikuwa baridi, kisha ikapata moto mbio mbio." Akaiona plagi sakafuni. Akanitazama. Nikangoja aseme.

Akaichomeka ukutani, akavuta kiti, akakaa. Baadaye akauliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akakaanga mayai, tukala huku tunatazama tangi. Kabla ya jioni Askofu aliacha kupanda juu.

Olivier ndiye aliyemtoa, kwa kijiko. Ardhi nje imeganda, sepetu iligoma kuingia. Tumemfunga kwenye leso ya Florida, tukamweka kwenye friza karibu na mahindi.

Jumatatu, 20 Januari

Nimempigia Florida. Nikamwambia Askofu amekufa. Nikasikia mjukuu akilia nyuma yake. Akauliza ilikuwaje. Nikasema umeme ulikatika.

Akasema basi atairudisha tiketi, maana hakuna tena wa kuja kumtazama.

Nilitaka kusema mimi nipo. Neno lilifika mpaka mdomoni.

Shuka safi bado ziko kitandani. Nimelala kwenye kochi nisizikunje.

Alhamisi, 23 Januari

Florida amepiga mwenyewe. Nilijua Olivier amekwisha kunichongea. Sivyo. Olivier alimwambia tu kwamba mzee hali wala halali.

Akanieleza kitu ambacho sikukijua. Alimnunua Askofu mwaka ule mtoto wetu wa mwisho alipohama, ili akitoka kazini apate wa kuongea naye. Mimi nilikuwa nakula na kunyamaza. Anasema hata samaki alikuwa akigeuka akimsikia.

"Baba Goreth," akasema, "ukitaka nirudi, sema. Neno moja tu. Nitakuja."

Nikaishika simu kwa mikono miwili. Nikamwambia huku ni baridi sana. Akasema anajua. Akangoja. Nilimsikia anapumua.

Nikamwambia amsalimie mtoto.

Jumamosi, 25 Januari

Leo sina shifti. Nimekaa jikoni mchana kutwa nikipima mambo, na hatimaye kosa langu nimelijua. Kosa lilikuwa kumtegemea samaki. Ni mwili mdogo, hauna ustahimilivu. Mgonjwa anatakiwa awe mtu mzima, anayeelewa mpango.

Kesho baada ya ibada nitampigia Florida nimwambie goti limevimba, ngazi zimenishinda. Nimelitazama goti mara mbili. Ni zima kabisa. Nimelifunga bendeji ili lianze kuzoea.