Malalamiko Kuhusu Pikipiki Isiyosikika na Jiko Lisilotoa Moshi

Mwandiga,
12 Desemba 2024

Kwa Ndugu Afisa wa Nishati Safi,
Kigoma.

YAH: HAYA YANGU KUONDOLEWA NA SERIKALI BILA TAARIFA

Ndugu Afisa,

Shikamoo. Naitwa Kaneza, binti wa Antoni, fundi baiskeli wa hapa Mwandiga. Nina miaka kumi na nane na mwezi uliopita nilimaliza kidato cha nne. Huwezi kunikumbuka. Ulipokuja uwanja wa soko kutueleza habari za gesi na pikipiki za umeme, ulisema mwenye maoni anyooshe mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya mama mmoja mwenye mwavuli. Maoni nilikuwa nayo, mkono ndio haukunyanyuka. Ukasema anayeona haya aandike, ukacheka, na watu wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani.

Kwanza naipongeza Serikali. Mama yangu, Yusta, ameacha kukohoa tangu tupate mtungi wa ruzuku, na kuni hatuzifuati tena. Sipingi nishati safi. Nasema tu kwamba sera hii ilipangwa na watu wasio na haya. Samahani, sikumaanisha hivyo. Namaanisha ilipangwa na watu wanaoweza kusimama mbele ya wageni bila kutafuta pa kujificha. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Pikipiki zenu hazipigi kelele. Pale uwanjani uliliita jambo hilo faida. Pikipiki ya zamani ya Mzee Martini, mkulima wa kahawa wa Kalinzi, ilikuwa na bomba lililotoboka, na ilipoanza tu kushuka mlima, sisi huku chini tulijua. Mzee Martini amekuwa akija kwetu na dada yake, Shangazi Skolastika, kuniposa kwa ajili ya kijana wake Feliksi, ambaye nimewahi kumwona mara moja kanisani, kisogo. Kwa desturi ya kwetu, binti anayeposwa hakai na wageni. Wakifika, yeye hukimbilia jikoni. Katika desturi zote, hii ndiyo niliyoipenda zaidi. Lile bomba lilinipa muda wa kuvua kandambili, kubeba kitabu na kuwa jikoni kabla mbwa hajabweka. Sasa Mzee Martini amepata pikipiki ya umeme kwa mkopo wa ushirika, na haisikiki kabisa. Hata mbwa wetu ameacha kubweka. Anaitazama tu, kama mtu aliyedanganywa.

Ujue pia kwamba kusikia mapema nimefundishwa na Bibi Goreth, mama yake Baba. Bibi aliingia nchi hii kwa miguu kutoka Burundi, akikimbia mauaji ya mwaka 1972, akiwa mdogo kuliko mimi. Anasema walijifunza kulitambua gari kabla halijaonekana. Hili ni la askari, ingieni kwenye majani. Hili, huku tulikokimbilia, ni lori la mahindi, tokeni. "Sikio kwanza, miguu baadaye," ndivyo alivyonilea. Masikio hayo nimeyarithi mazima, na Serikali imeyaachisha kazi.

2. Gesi haina moshi. Katika jiko letu la kuni mtu alikuwa haonekani. Nilikuwa naweka akiba ya maganda mabichi ya muhogo kwa ajili ya wageni. Ukiyaingiza chini ya kuni, hata Mama alinitafuta kwa kuniita jina. Mara ya pili walipokuja, Shangazi Skolastika alisogea mpaka mlangoni ili anione vizuri. Aliona macho mawili yanayotiririka machozi, akarudi sebuleni akitangaza, "Jamani, mtoto analia! Huyu ni wetu!" Kwa hiyo, Ndugu Afisa, msiseme moshi hauna kazi. Mimi ulinisemea.

3. Jiko limehamia sebuleni. Najua hii siyo amri ya Serikali, lakini imezaliwa nayo. Mama alisema mtungi wa gesi ni kitu cha heshima, na hawezi kuweka kitu cha heshima kwenye kibanda cha udongo. Ameuweka sebuleni kando ya televisheni na kuuvika kitambaa cha kufuma chenye maua. Kibanda wamepewa kuku. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, binti mwenye wageni sasa atakimbilia wapi? Akanijibu, "Wewe nawe! Si jikoni?" Lakini jikoni ndiyo sebuleni. Nilijaribu siku moja, wageni wakiwa bado hawapo. Nilikimbia nikajikuta palepale nilipokuwa.

4. Hasara niliyoipata Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nakaanga migebuka ambao Mama aliwatoa soko la samaki la Katonga asubuhi. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa, nusu ilikuwa bado, na nilikuwa nimevaa koti la Baba la kazi, lenye grisi. Nikasikia "Hodi", na hiyo hodi ilikuwa tayari iko ndani. Nilitafuta moshi, haukuwepo. Nikaingia nyuma ya pazia, lakini pazia letu linaishia magotini, na samaki nao wakaanza kuungua. Gesi, Ndugu Afisa, haizimiki kwa kuogopwa. Nikalazimika kutoka kuizima.

"Kumbe ana uso!" akasema Shangazi Skolastika.

"Mara tatu nimeposa moshi," akasema Mzee Martini, akacheka kwa upole, maana si mtu mbaya. "Kaa hapa, mkwe wangu, usiogope. Leo nimekuja kupanga siku tu. Wewe mwenyewe umeshakubali mara tatu."

Nikamwuliza nimekubali lini. Hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza mbele ya wageni tangu nizaliwe.

"Si ulikimbilia jikoni? Asiyetaka hakimbii. Asiyetaka hukaa akanuna."

Baba akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo ilivyo. Mama naye akaitikia, huku akigeuza samaki. Hapo ndipo nilipojua kwamba mara zote tatu nilizodhani nimeponea, wao waliziandika kuwa ndiyo, ndiyo na ndiyo. Nikatafuta moshi tena. Kisha kinywa changu kikasema chenyewe, kwa sauti ambayo mpaka leo sijui kilikoitoa: "Sitaki. Nasubiri matokeo ya mtihani."

Sebule ilikuwa kimya kuliko pikipiki ya umeme. Wageni hawakula samaki. Shangazi Skolastika aliniangalia koti, akaniangalia kichwa upande uliosukwa, kisha upande wa pili, akasema, "Haya, twende, kaka." Tangu siku hiyo Baba hajanisemesha isipokuwa "lete chumvi". Jumapili hii anatakiwa kupanda Kalinzi, ama kuomba radhi, ama kupeleka ndiyo ya nne. Hajaniambia ni ipi, nami sijui namna ya kumwuliza.

5. Bibi amekataa kuilaumu Serikali. Nilipomlilia siku ile, wageni walipoondoka, nilitegemea aseme kwamba pikipiki hizi zimevunja mila. Badala yake alinishika masikio yote mawili akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi nilijificha ili nisichukuliwe. Wewe unajificha, na ndivyo wanavyokuchukua." Neno hilo sijalielewa vizuri. Nimeliweka kwenye malalamiko kwa sababu limenikosesha raha, na lisingesemwa kama kungekuwa na moshi.

Kwa sababu hizo naleta maombi yangu kwa heshima.

Kila pikipiki ya umeme ifungwe nyuma kopo la maziwa lenye kokoto, lilie kuanzia juu mlimani. Kama kopo litaonekana si la kisasa, basi iwekewe spika inayotoa sauti ya bomba lililotoboka. Sauti hiyo naweza kuiigiza vizuri sana ili mwirekodi, mradi niwe chumbani peke yangu na mlango umefungwa.

Kila mtungi wa ruzuku utolewe pamoja na moshi wake. Usiwe mwingi, usidhuru macho, na utumike siku za wageni tu. Ikishindikana, basi mtungi utolewe pamoja na mlango wa nyuma. Nyumba yetu haina, na Baba anasema hatoboi ukuta kwa ajili ya mtu mwenye miguu mizima. Aidha, kwa kuwa sisi wenye haya hatuna chama, kwa sababu hatujaweza kukutana, naomba ateuliwe afisa wa kututetea katika mikutano yote ya nishati. Asitutembelee.

Ombi la mwisho ndilo kubwa. Naomba Serikali imwandikie Baba kabla ya Jumapili, kumjulisha kwamba neno "sitaki" lilisemwa na sera ya nishati safi na wala si na Kaneza. Nisieleweke vibaya. Siombi neno lirudishwe. Nimelikagua tangu Jumamosi na sijaona kosa hata herufi moja. Naomba tu liwe limesemwa na mtu mwingine, mkubwa, mwenye muhuri.

Wasalimie wote ofisini, hasa dereva wako aliyejifanya amelala ndani ya gari muda wote wa mkutano ili asiitwe kusalimia watu. Huyo nilimwelewa. Mama anashukuru kwa kifua chake, Bibi Goreth anawasalimu, na kuku wanashukuru kwa nyumba.

Ni mimi, wa nyuma ya mwavuli,

Kaneza Antoni

Nyongeza:

Barua hii imechelewa kwa sababu niliona haya kumpa mtu aipeleke mjini. Jumapili imeshapita. Mzee Martini alikuja mwenyewe kumchukua Baba, wakapanda Kalinzi bila sauti.

Kumbe huko juu Feliksi naye ana mahali pake. Kila Baba alipopelekwa kule na Mzee Martini kwa pikipiki ya zamani, yeye alisikia bomba tangu bondeni, akaingia ndani kabisa ya mibuni, na wazee wote wawili wakasema, kijana huyu ana adabu, amekubali. Safari hii walimkuta uani akifua, mapovu mpaka kwenye viwiko, hana pa kwenda. Baba anasema alimtazama, akanikumbuka mimi na lile koti, akajikuta anamwuliza, "Kijana, hivi wewe umekubali?"

"Sijawahi kuulizwa, Mzee," akajibu Feliksi. Kisha akasema, akilitazama beseni, "Sitaki. Shikamoo."

Baba akamgeukia Mzee Martini. Akasema, "Ndugu yangu, sisi tulikuwa tunaozesha moshi kwa shamba la kahawa." Wakacheka mpaka Shangazi Skolastika akatoka kuuliza nani kafa.

Baba amerudi na mkungu wa ndizi kutoka kwao. Hakumpa Mama, alinipa mimi mkononi, akaniuliza matokeo yakiwa mazuri nataka kusoma nini. Nikamjibu. Sebuleni, na Bibi akisikia.

Kwa hiyo naomba kuondoa malalamiko namba moja, namba mbili na namba nne, pamoja na maombi yote. Namba tano nimeshaielewa. Namba tatu ibaki, maana samaki wananukisha mapazia. Na kama ofisini kwako kuna mtu anayejua nyumba nyingine ambako binti ameshakubali mara tatu akiwa jikoni, tafadhali, pikipiki zisizosikika zianzie huko.