Maradhi na Kilio cha Pompon

Jumatatu, 15 Juni 1970

Pompon hataki kula. Tena! Nimemwekea karanga, amezinusa, akanigeuzia mgongo. Mgongo wenyewe hauna nywele.

Niandike vizuri, wajukuu wajue niliyoyapitia. Pompon ni hamsta. Mnyama wa Wazungu, kama panya mnene aliyesahau kuota mkia. Mwenyewe ni Madame Delvigne, mke wa injinia wangu hapa kiwandani Shituru. Wako likizo Ulaya, wanarudi mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka, Madame aliuliza nani atamtunza mnyama. Evariste, jirani yangu na pointeri mwenzangu wa kuandika mahudhurio ya wafanyakazi, alikuwa anafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshashika kizimba.

Si kwa upendo. Kule Panda nyumba ya kampuni imebaki wazi: vyumba vitatu, na bomba ndani ya jiko. Ndani! Gertrude wangu anapanga ndoo kila alfajiri kwenye bomba la kambi, na mgongo unamuuma tangu alipozaa mtoto wa nne. Evariste naye anaitolea macho nyumba hiyo hiyo. Lakini kwenye kamati ya nyumba neno zito ni la Bwana Delvigne. Akimkuta Pompon mzima, bomba ni letu. Akimkuta amekufa, heri nisiwaze.

Ila Madame hakusema amenipa mgonjwa! Jicho moja linatoa usaha. Mguu wa nyuma anauburuta. Jino la mbele limerefuka mpaka limepinda. Miaka miwili na nusu, na kwa hamsta, alisema Madame akiwa tayari mlangoni, huo ni uzee mkubwa. Mlangoni! Kwa nini hakusema sebuleni?

Jumatano, 17 Juni

Daktari wa mifugo mjini amesema yeye anatibu ng'ombe. Amecheka mbele ya mteja. Watu hawana adabu siku hizi.

Basi nimetumia akili. Dispanseri ya kampuni inatibu bure mke na watoto wa mfanyakazi. Nimekwenda kwa Mamzele Élise, anayeangalia afya ya watoto wa kambi, nikasema mtoto wangu wa mwisho anaumwa. Akauliza jina. Ulimi ukateleza: Pompon. Umri? Miaka miwili na nusu. Hapo sikudanganya.

Akauliza dalili. Nikamwambia ukweli mtupu. Nywele zinatoka. Jicho linatoa uchafu. Mchana analala, usiku anakimbia chumbani. Chakula anakificha mashavuni. Mamzele akaacha kuandika, akanitazama kama muuaji. "Papa Symphorien, ule mutoto munamulisha na nini?" Nikajibu karanga na majani ya kabichi. Nusura anipige!

Nimerudi na dawa ya jicho na kopo la maziwa ya unga. Dharau nimeimeza. Pompon ameyalamba maziwa mpaka masharubu yamekuwa meupe. Nani mwingine hapa Shituru angefikiria jambo hili? Evariste? Asilani.

Ijumaa, 19 Juni

Siku ya jino. Nilinoa kikata kucha changu, nikamwomba Gertrude amshike mgonjwa. Amekataa kabisa. "Weye njo ulimuleta, weye mwenyewe umushike." Mke wa ndoa ya kanisani!

Evariste alikuwa ameegemea ukuta wetu, kama kawaida yake, anachungulia mambo ya watu. Akaingia bila kuitwa, akamfunika Pompon kwa kofia yake, akamshika shingo polepole. Nikakata. Jino likaruka! Pompon akang'ata. Nani aling'atwa? Mimi, si Evariste. Asante ya punda ni mateke.

Jioni Pompon amekula bukari, ugali wetu wa kila siku, tonge zima la ukubwa wa kidole. Nimefurahi mpaka nikaona haya. Lakini Evariste tayari anatangaza kiwandani kwamba yeye ndiye aliyemponya mnyama wa injinia. Yeye! Alishika tu.

Jumanne, 23 Juni

Msiba. Mamzele Élise amekuja nyumbani kumwona mgonjwa. Alitazama chumbani, akatazama mpaka chini ya kitanda. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema yuko kwa bibi yake Kapolowe, anabadilisha hewa. Wakati huo huo Gertrude anaingia na ndoo kichwani, Mamzele anamsifu kwa kumnyonyesha Pompon. Maji yalimwagika yote.

Gertrude hakunisaliti mbele ya mgeni. Mgeni alipotoka tu, alifunga mlango. "Minye nilizala batoto ine. Wa tano ulimuzala na nani?" Nikamwonyesha kizimba. Nilidhani atatulia. Amekasirika zaidi! Nadhani angeona heri awe mwanamke.

Mamzele atarudi Jumamosi na mizani ya kupimia watoto. Amesema mtoto awepo, la sivyo ataandika kwa wakubwa. Nimewaza usiku kucha. Mtoto wa kuazima? Wa Evariste ndiye mwenye umri huo. Siwezi kujishusha hivyo.

Alhamisi, 25 Juni

Baridi ya Juni imeshuka juu ya Likasi bila huruma. Alfajiri bati lilikuwa na umande wa barafu. Nimefunua kizimba. Pompon amejikunja, mgumu, baridi kama kokoto. Nimempulizia. Nimemsugua. Hakuna kitu.

Nimelia. Naandika wazi kwa sababu hii ni shajara yangu: nimelia kwa sauti, na si kwa ajili ya nyumba tu. Yule mzee alikuwa ameanza kunijua. Nikiweka kidole, anakikanyaga kwa mkono wake mdogo kabla hajaking'ata.

Evariste akauliza kutoka ukutani nani amekufa. Nikajibu Pompon. Akavua kofia. Akasema pole sana, bwana, uketi, mambo ya ofisini nimwachie yeye. Akakimbia, akakimbia kweli! Nilikuwa nimemdhania vibaya mtu huyu miaka yote.

Saa nne hivi wakaja wanaume wa zamu yangu na viti. Nyuma yao gari la kampuni: mfuko wa unga, mkaa, na sanduku jeupe la mtoto, limetoka kwa maseremala likinukia mbao mbichi. Evariste amekwenda kutangaza kwamba mtoto wa Symphorien amefariki. Nifungue mdomo niseme nini? Mamzele Élise alikuwa analia kwenye kizingiti, anasema ni kosa lake, angekuja mapema. Halafu nikawaza: mtoto akizikwa, mizani ya Jumamosi haiji. Akili!

Nimemlaza Pompon sandukuni juu ya kitambaa. Pembeni nimeweka tofali, kwa sababu sanduku lilikuwa jepesi mno. Nimesema ugonjwa umeharibu uso, kifuniko kisifunguliwe.

Gertrude amefunga nguo. "Minye siwezi kukaa ku kilio ya mutoto mwenye sikuzala. Hii njo kuita kifo ku nyumba." Amewachukua watoto wote wanne, wamepanda gari la Kapolowe. Wanawake wa kambi wamesema masikini, uchungu umemzidi mama wa watu.

Jumamosi, 27 Juni

Nimetulia kidogo. Naweza kuandika ya jana.

Asubuhi nyumba ilijaa. Baridi ilikuwa kali, kwa hiyo mbabula mbili, majiko ya mkaa, zimewashwa ndani, na sanduku lilikuwa katikati yake. Wanawake wa parokia kwenye mikeka. Katekista Zéphirin na kitabu chake. Kwenye kilio hakuna anayeuliza marehemu alizaliwa lini, huo ndio ustaarabu wetu, nami niliushukuru.

Kisha Evariste akaomba kutoa neno. Akashuhudia kwamba mtoto Pompon alikuwa akimwamkia kila asubuhi kwa heshima, mikono miwili. Kwamba alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Kwamba alitaka kuwa padre! Watu wakalia upya. Na yeye, muda wote, ananitazama mimi. Yeye aliyemshika Pompon kwa kofia yake! Mwongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, na mimi nimekaa, siwezi kumkanusha, naitikia kwa kichwa.

Zéphirin akaanza sala ya kuwaombea wafu. Alipofika kwenye pumziko la milele, sanduku likakwaruza.

Likakwaruza tena, halafu kitu kikaguguna mbao. Mamzele Élise akapiga kelele kwamba mtoto yu hai. Zéphirin, mtu wa imani, alipita dirishani. Wanaume wa zamu yangu, ambao kila siku wanasimama kando ya matangi ya asidi bila kutetemeka, walitoka na mlango mzima. Evariste hakukimbia. Alisogea, akainua kifuniko taratibu, akawaonyesha waliobaki.

Pompon alikuwa amekaa juu ya tofali. Joto la mbabula lilikuwa limemwamsha. Anajipangusa masharubu!

Nilipiga magoti nikamshika mikononi. Nilisema asante Mungu, mbele ya watu, kwa sauti. Hilo ndilo lililowakasirisha zaidi. Wanawake wakakusanya mkaa wao. Mama mmoja alirudi kuchukua machozi yake, yaani alirudi kunitukana. Mamzele Élise alichukua kopo la maziwa ya unga juu ya kabati akaondoka nalo.

Jumatatu, 29 Juni

Nimeitwa kwa mkuu wa wafanyakazi. Alikuwa na maswali. Kwa nini sanduku? Kwa nini tofali? Nikaeleza kwamba mimi sikutangaza kifo chochote, aliyetangaza ni Evariste. Akasema Evariste ametoa taarifa ya alichosikia kwa masikio yake, na kwenye vurugu ni yeye peke yake aliyebaki na akili timamu. Nyumba ya Panda amepewa yeye. Kwa utulivu wake! Jina langu limeondolewa mpaka mkuu atakapopenda kulirudisha.

Nikaenda kwa Bwana Delvigne, amerudi jana. Nikamkabidhi Pompon, mzima, jicho safi, jino fupi. Amecheka mpaka amevua miwani. Kuhusu nyumba amesema mkono wake haufiki tena. Madame naye akasema kumbe sikujua? Baridi ikiwazidi hamsta hulala hivyo, kama wafu. Alisahau kuniambia! Alikumbuka kunieleza rangi ya bakuli lake, hilo akasahau!

Tena wamekuja na mbwa mdogo kutoka Ulaya. Mbwa na hamsta hawapatani. Pompon amenizoea, amesema Madame, basi nibaki naye. Ndiyo asante yao.

Gertrude alikuwa amesharudi kutoka Kapolowe. Habari alizipata njiani. Nilijiandaa kutukanwa, nilikuwa hata na majibu. Alitazama kizimba, akanitazama mimi, akachukua ndoo mbili, akatoka kwenda bombani, mkono mmoja kiunoni anapotembea. Afadhali angenipiga nayo.

Jumatano, 1 Julai

Evariste amehama leo asubuhi. Gari la kampuni, lile lile. Kwa kuaga amenishika mkono akasema nisikate tamaa. Yeye kuniambia mimi!

Pompon amelala karibu na mbabula, tumbo juu. Gertrude yuko bombani tangu alfajiri. Nimekaa nikawaza kwa makini, bila hasira, ni wapi nilipokosea. Nimepata. Kosa lilikuwa moja, nalo ni dogo: umri.

Mtoto! Nani angeamini mtoto? Nywele zimemwisha, jicho linatoa machozi, mguu anauburuta, chakula lazima kilainishwe. Mtu yeyote mwenye macho anaona huyu ni mzee. Na nimesikia kazini kwamba mfanyakazi anayekaa na baba mzazi asiyejiweza anaweza kupewa nyumba ya kona, ile iliyo ubavuni mwa bomba. Baba yangu alifariki zamani, lakini ofisi inayoandikisha wazee ni mpya, hawamjui.

Kesho asubuhi nakwenda kumwandikisha Mzee Pompon. Gertrude nitamwambia nikishapata funguo.