Mkono wa Redio Ulivyomtoa Binti Kisimani

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, na wewe unayetafuna, tafuna taratibu, kwani leo nanena habari za mkono! Si mkono wa upanga wala wa mkuki. Ni mkono wa kulia wa Redio, ndivyo tulivyomwita kwa mdomo wake usiozimika, binti wa fundi cherehani, niliyekaa naye dawati moja mwaka mzima wa darasa la saba nikaponea chupuchupu.

Siku ya kwanza kabisa Mwalimu wa Lugha, mama mpole wa sauti na mkali wa macho, alibandika ukutani sheria zake tano. Ya tatu ilisema: nyoosha mkono, usubiri kuitwa. Kisha akatoa mkobani kitabu chakavu, nakala pekee, kisa cha binti mchimba visima, akaweka ahadi mbele ya kadamnasi: kila Ijumaa ambayo hakuna atakayedakia maneno kabla hajafungua kitabu, atatusomea sura moja mwishoni mwa kipindi.

Ah, Redio! Mpasua kimya, jemadari wa wadakiaji! Tuliandika insha, tukajibu maswali ya ufahamu, tukafupisha habari hadi zikabaki mifupa mitupu, na karibu kila Ijumaa ulimi wake ulitoka kambini kabla ya amri. Katikati ya mwaka binti wa hadithi akakwama kisimani, maji yamemfika kiunoni, na humo akabaki, wiki baada ya wiki, kwa sababu ya Redio. Wavulana walimnunia. Mimi nilimziba mdomo kwa kiganja, akaning'ata. Naye mwenyewe alilia chooni, maana hakuna aliyempenda yule binti kuliko yeye.

Ikawadia Ijumaa ya mwisho. Ilibaki sura moja tu, na baada ya kengele ile tungetawanyika, kila mtu na shule yake. Asubuhi Redio alisimama mlangoni akatuhutubia.

"Jamani, leo nikifungua mdomo nitoeni nje. Naapa! Yule dada leo anatoka!"

"Wewe?" nikamwambia. "Dakika tano hufiki."

Alifika. Alifika thelathini! Zilipobaki kumi Mwalimu akasimama kutukumbusha hadithi ilipoishia. "Basi binti akashuka kisimani na taa yake," akasema, akatugeuzia mgongo kuandika ubaoni.

Lo! Taa? Taa ilibaki juu kwa mama yake mdogo. Binti alishuka na ndoo! Sote tulijua, ila sisi ilituwasha kidogo tu, Redio ilimchoma. Mashavu yalimvimba. Jasho likamtiririka.

Ndipo, enyi watu, ule mkono ukapanda. Ukapanda, ukalipita sikio, ukakipita kichwa, ukasimama. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili akaushikilia kwa mkono mwenzake, jeshi la akiba likiwahi mstari wa mbele. Ya tatu akafumba macho. Wale wavulana walionuna sasa walikuwa wakimsihi kwa midomo isiyo na sauti: kaza, kaza!

Mwalimu akageuka. Chaki ikamponyoka.

"Redio? Umenyoosha mkono?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Sema, mwanangu. Una ruhusa, sema yote."

Redio akasimama. Akautazama ubao, akaitazama saa ya ukutani, zimebaki dakika saba, kisha akakitazama kile kitabu chakavu.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Wewe soma tu."

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasoma mbiombio, akimeza nukta, na kengele ilipolia binti yule alikuwa juu, ameketi juani, anakamua maji kwenye nguo zake.

Basi na iandikwe kwa wino usiofutika kwamba siku hiyo darasa zima tulimbeba Redio mabegani hadi getini, huku yeye, kutoka juu kule, akimpigia Mwalimu kelele kuhusu ndoo, na taa, na mama mdogo, bila kupumua. Wala hakuna aliyemnyamazisha.