Friji Kumi na Mbili kwa Mpigo

Jumatatu, tarehe 3

Mkuu wa ofisi katuita wawili tu, mimi na Miwani wa meza ya pili. Programu yetu inauliza friji za chanjo za zahanati kumi na mbili zina joto kiasi gani. Inauliza moja, inangoja, inaandika, inakwenda ya pili. Dakika ishirini na tano! Dereva wa chanjo anaondoka kabla ripoti haijatoka. Atakayeiharakisha, Ijumaa anakuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Miaka sita nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Hiki cheo ni changu. Pole zake Miwani.

Jumanne, tarehe 4

Nimeamuru maswali yote kumi na mawili yaondoke kwa pamoja. Programu ikamaliza kabla sijapepesa macho! Nikamwita Mkuu mbio, na Sista wa chanjo naye. Karatasi ikatoka: majina kumi na mawili, namba hakuna hata moja. Miwani, bila kuinua kichwa, akauliza kama niliyangoja majibu yarudi. Sikuyangoja. Mkuu akasema karatasi tupu anazo nyingi stoo. Nimechoka.

Jumatano, tarehe 5

Leo nimengoja. Swali likiondoka, nangoja jibu lake ndipo nitume lingine. Majibu yote yamekuja, safi kabisa. Dakika ishirini na tano. Siku nzima nimehangaika kufika pale pale nilipoanzia Jumatatu!

Mke wangu kaniuliza mbona naguna kama mgonjwa. Nikamweleza. Akasema yeye akibandika maharage hakai kuyatazama, anakata vitunguu, ila hapakui kabla hajafunua sufuria kuona kama yameiva. Nikamwambia kompyuta si jiko. Nimelala kwenye kochi mapema, mgongo unauma.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeweza! Maswali yote yanaondoka pamoja, kisha programu inangoja. Kila jibu linaloingia linaandikwa kwenye orodha, kuanzia juu kushuka chini. Dakika tatu! Nimejaribu mara nne, friji zote nyuzi nne, nne, tano, nne. Raha tupu.

Miwani kaja kuchungulia. Eti nitajuaje jibu lipi ni la zahanati ipi, maana zenye mtandao mzuri zitawahi. Nikamwambia aache wivu, namba si anaziona mwenyewe? Akaenda zake. Mkuu kanipa mkono. Mke wangu keshamwambia shemeji, na shemeji akishajua, mtaa mzima umejua.

Ijumaa, tarehe 7

Sijui nianzie wapi. Ripoti ilitoka mapema, kwa mara ya kwanza tangu programu izaliwe. Zahanati ya Sokoni, ya mwisho kwenye orodha: nyuzi kumi na nne! Dereva akatoka mbio na masanduku ya barafu. Nikajiona mwokozi. Alipofika Sokoni friji ilikuwa nzima, nyuzi nne, na muuguzi wa huko akamuuliza kama amelewa.

Iliyoharibika ni ya Mlimani. Mtandao wao unajikongoja, jibu lao likaingia la mwisho, likakaa mbele ya jina la mwisho. Mlimani wenyewe, wa tatu kwenye orodha, wakapewa nyuzi nne za watu wengine.

Kumbe Sista hajawahi kuiamini karatasi yangu. Kila asubuhi anapiga simu zahanati zote, moja moja, hakati mpaka ajibiwe. Mlimani wakamwambia friji imenyamaza tangu alfajiri. Akawasimamia kwenye simu mpaka wakahamishia chanjo zote kwenye sanduku lao la barafu. Chanjo za watoto mia mbili! Zimepona, kwa sababu yake. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nina watoto. Ninao wawili. Nimeona aibu mpaka nikakosa pa kutazama.

Miwani ndiye mkuu wa kitengo.

Jumamosi, tarehe 8

Niko nyumbani, barua ya adhabu ninayo mkononi. Kuanzia Jumatatu nakaa na Sista, napiga simu zahanati moja baada ya nyingine na kuandika joto, mwezi mzima. Eti nijifunze kungoja jibu na kujua limetoka kwa nani. Saini ya Miwani hiyo, ina mkia mrefu kama mwenyewe anavyojiona.

Sawa. Nimekubali. Lakini simu kumi na mbili, moja moja? Umri wenyewe uko wapi! Nimeazima simu ya mke wangu na ya shemeji. Pamoja na yangu, tatu. Mbili masikioni, ya tatu naiweka spika mezani. Nitakayemsikia kwanza namwandika juu, anayefuata chini yake, hakuna kupoteza muda kuulizana majina. Sista atashangaa.