Dhahabu Iliyochujia Chini ya Pazia

Kwa Mwenye Kitalu cha Miche,

Ndugu Bustani,

Pokea heshima zangu, ingawa nimekasirika. Mimi ni yule fundi cherehani wa mapazia niliyenunua kwako msonobari wa mapambo, ule wenye majani ya rangi ya dhahabu. Siku ya harusi nilimwahidi mke wangu dhahabu. Watoto wamekua, dhahabu haijaonekana, na kitaluni kwako ndiko nilikoona njia ya kutimiza ahadi bila kupita kwa sonara. Sasa mti umegeuka kijani, nami nimeumbuka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukunieleza kwamba rangi yake inachuja. Katika kazi yangu, adui wa rangi ni jua. Kwa hiyo niliushonea mti pazia zito lenye bitana, nikalizungushia pande zote, na sikulifungua ila jua likishazama. Hata kitambaa cha mnadani kingetunza rangi kwa malezi hayo.

2. Ulisema niupe maji. Hukusema niache lini. Nilimwagilia asubuhi na jioni, na mvua iliponyesha nilimwagilia vilevile, mti usije ukadhani nimeusahau. Matawi ya chini yakawa kahawia.

3. Matawi hayo niliyakata. Upande mmoja ukapanda, nikasawazisha wa pili; wa pili ukazidi, nikarudia wa kwanza. Nimengoja yachipue upya, wapi! Mti sasa umevaa kaptura.

4. Mama mkwe alikuja kuiona dhahabu ya binti yake. Nililifunua pazia kwa taadhima. Akavaa miwani, akauzunguka mti, akaniuliza kama na mboga pia huwa nanunua kwa sonara.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu ananiomba pazia la dirisha la jikoni tangu kitinda mimba wetu hajazaliwa. Alipoona mti umepata pazia kabla yake, hakugomba. Angegomba ningelala usingizi. Siku hizi ananiita "fundi", kama mteja.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uniandikie cheti chenye mhuri kwamba mti huu ni wa dhahabu, ila imejificha. Nitakitundika kwenye shina. Ukishindwa, njoo mwenyewe na kopo la rangi na brashi, na umalize kabla mama mkwe hajarudi.

Wasalimie wa nyumbani kwako, wamwagiliaji wote, na ile miche uliyoianika juani bila hata kipande cha shuka. Naihurumia sana.

Wako mwenye masikitiko,
Fundi Mapazia

N.B. Barua hii ilisahaulika mfukoni mwa koti. Huku nyuma mke wangu alichoka kungoja, akalivua pazia la mti, akalifua, akalitundika jikoni. Kinyozi hajinyoi, akasema. Nilisusa mwezi mzima, hata kuutazama mti sikutaka. Jana nikaupitia: jua limeupiga, na ni dhahabu tupu mpaka kileleni. Nikamwita mke wangu mbio aje aione ahadi yake. Akasema ni mzuri, tena mzuri sana, kisha akanishika mkono akanipeleka jikoni nikaone pazia linavyokaa. Ameacha kuniita fundi. Tafadhali niwekee mche wa pili, maana dirisha la chumbani nalo halina pazia.